Mkunga Aliyesoma Nyayo

Mtaa wetu wa Tunduma haukuwa na polisi wala mlinzi. Ulikuwa na mkunga. Vijana nikiwaambia hivyo hutazamana na kucheka, wakidhani akili yangu imeanza kuchakaa, lakini wale wachache wa rika langu waliobaki wanajua ninachosema. Nyumba zetu zilikuwa nyuma ya barabara kuu ya malori, za udongo na nyasi, mbili tatu za bati, na milango yake ilikuwa ya matete yaliyofungwa kwa kamba. Ukienda shambani ulilaza fimbo mlangoni, toka mwimo huu hadi ule, na mpita njia akajua mwenyewe hayupo. Fimbo ile isingemzuia hata mbuzi. Kilichowazuia watu ni kujua kwamba mkunga atapita.

Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, sauti nzito, na mikono aliyoiosha mara nyingi hata ngozi ya vidole ikawa nyeupe. Alitembea ameinamisha kichwa. Wageni walimwonea huruma wakidhani ana msiba, au amedondosha kitu anakitafuta. Sisi tulijua anasoma. Akipita uwanjani kwako asubuhi angekuambia nani alikuja jana, nani alikuja na mzigo akaondoka bila mzigo, na mtoto wako yupi anaanza kuumwa goti. Alisema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, huku akiomba moto wa kuwashia jiko lake.

Elimu yake ilianzia kwenye kitanda cha uzazi. Mtoto akishatoka na kulia, kabla hajamkabidhi kwa mama yake, mkunga alimgeuza miguu kuelekea mlangoni penye mwanga, akazitazama nyayo kwa muda mrefu, kisha akasema, "Haya, nimekuandika." Karibu mtaa mzima aliuandika hivyo. Alijua dole gumba lililoinama, kisigino kinachokanyaga upande, unyayo usio na shimo katikati. Alisema mguu hukua lakini tabia yake haibadiliki. Nikimuuliza anatofautishaje miguu ya watu wengi namna ile, alinishangaa mimi. "Wewe sura zao unazitofautishaje? Basi. Tena uso unajua kudanganya. Mguu nani aliufundisha?"

Kwa ajili hiyo alikuwa mkali sana kuhusu ufagio. Kila nyumba ilipaswa kufagiwa uwanja, mbele na nyuma, ili vumbi lilale sawasawa na kila aingiaye aache alama. Mwanamke aliyeacha uwanja wake na maganda ya maharage alisikia maneno mbele ya wakwe zake. "Umeniachia nini hapa nisome? Takataka?" Nilipokuwa msichana nilimchukia kwa ufagio huo. Mama yetu alikuwa amekufa kwa homa nikiwa na miaka kumi na miwili, baba alitangulia, na mimi ndiye niliyefagia, nikapika, nikateka maji, nikamwangalia kaka yangu aliyenizidi miaka mitano. Mkunga alipita, akatazama mistari ya ufagio wangu, akaguna. Akiguna mara moja ilikuwa sifa. Mara mbili, nilianza upya.

Kitu kikipotea, watu hawakwenda kwa jumbe. Walimwendea yeye. Alikuja, akasimama pembeni ya uwanja, akazunguka, akachuchumaa mahali pawili patatu, kisha akasema, "Nimeona," akaondoka. Jina hakutaja. Mwenye mali angeweza kumfuata akimbembeleza, angeweza kumpa kuku, asingepata jina. Siku hiyo hiyo mkunga alikwenda nyumbani kwa mama wa mwizi. Alikaa jikoni. Hakusema kilichomleta. Alimsaidia kuambua maharage, akauliza habari za shamba, akanyamaza. Akaendelea kunyamaza. Mama yule alipoanza kuhesabu watoto wake kimoyomoyo na mikono kumtetemeka, mkunga aliaga. Kesho yake jembe, blanketi, au kuku aliyefungwa miguu alikutwa amewekwa mlangoni kwa mwenyewe, na hakuna aliyeuliza kimerudije.

Nilimshuhudia akifanya hivyo kwa jirani yetu ambaye mwanawe alichukua shoka la watu. Baada ya mwezi yule kijana alioa, na mkunga alicheza ngoma harusini kwake hadi kitambaa cha kichwa kikamdondoka. Nilimuuliza, nikiwa bado mtoto mwenye mdomo mrefu, "Mayo, si yule ndiye aliyeiba shoka?" Sisi wote tulimwita Mayo, yaani mama. Alinikamata sikio. "Umeliona shoka kwake? Hujaliona. Basi aliyeiba shoka hayupo. Aliyepo ni bwana harusi." Nimeishi miaka mingi tangu siku hiyo na sijapata kusikia sheria nzuri kuliko ile. Ndiyo maana inaniuma kwamba alikuja kuivunja, na kwamba aliivunjia kwetu.

Nisimfanye malaika. Yeye mwenyewe alikuwa na mkono mwepesi. Majani ya maboga ya watu aliyachuma atakavyo, akipita anachuma, akizungumza na wewe anachuma, anaondoka na mboga ya siku mbili. Mke wa fundi cherehani, mwanamke mcheshi aliyetoka upande wa Nanyala, alimuuliza siku moja kama huo nao si wizi. Mkunga alisimama na majani yake mkononi, akafikiri kwa dhati. "Wizi ni kumchukulia mtu asiyekupenda. Wewe hunipendi?" Yule mama akacheka hadi akaketi chini. Kanisani alisinzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, akaamka kwenye amina, na bado alitugombeza njiani kwamba hatukumsikiliza mhubiri. Wanaume hakuwaogopa, mizoga ya chui waliyoileta wawindaji aliishika masikio, lakini lori likiunguruma mbali alisimama pembeni ya barabara amejishika kifua, na hakuvuka mpaka vumbi lote liwe limetua.

Malori ndiyo yaliyotuharibia. Baada ya vita ya Wazungu yaliongezeka, yakipandisha wanaume kwenda migodi ya shaba ng'ambo na kuwarudisha na masanduku, blanketi, baiskeli. Hawa walishuka mpakani, wakalala siku mbili tatu wakingoja usafiri, na mtaa wetu ukaanza kuwa na wapangaji, vilabu vya pombe ya ulezi, na watu wanaosalimia "mwapoleni mukwai" asubuhi, na jioni hawapo tena. Kuku walianza kupotea. Zikafuata nguo kwenye kamba, na baadaye baiskeli ya mwalimu mchana kweupe. Mkunga aliitwa, akachuchumaa, akainuka taratibu. "Mguu huu sikuupokea mimi," alisema. Alisema hivyo mara nyingi mwaka ule. Niliona anavyozeeka kila akiyasema maneno hayo.

Juu ya hayo yakaja makatambuga. Mtu mmoja kutoka ng'ambo aliketi karibu na kizuizi cha mpakani akikata matairi ya malori yaliyochakaa na kuwashonea watu viatu, na kila mwanaume mwenye kujiona alivaa. Uwanjani yaliacha alama za tairi, mistari na vipande, ya huyu sawa na ya yule. Mkunga aliyachukia kwa chuki ya wazi. "Gari sasa linaingia hadi jikoni," alisema. Akikuta alama za makatambuga aliziruka, hakuzitazama, mithili ya mtu anayeruka mavi ya ng'ombe. Wakati ule tuliona ni vituko vyake tu. Ukweli ni kwamba hakuweza kuzisoma, na badala ya kukiri alijifanya si nyayo.

Watu wakaanza kuwa na hofu, na hofu ikawafanya wakali. Zamani mwenye mali alitaka mali yake. Sasa walitaka mtu. Kwenye baraza la jumbe ilisemwa waziwazi kwamba mtindo wa mkunga wa kukaa jikoni kwa akina mama unawalea wezi, kwamba kama anawajua awataje. Yeye alijibu kwamba hajui kutaja. Jumbe, ambaye naye miguu yake iliandikwa na mkunga huyo huyo, alimwambia mbele ya watu, "Basi Mayo, labda macho yamekwisha." Nilimwona akipokea neno lile. Aliangalia chini, pale alipozoea kuangalia siku zote, lakini sidhani kama siku ile alikuwa anasoma chochote.

Ndipo ikaibwa cherehani.

Alikuwa amezikwa mzee mmoja ng'ambo ya bonde, na mtaa mzima ulikwenda mazikoni asubuhi ukaacha fimbo zake milangoni. Fundi na mkewe waliporudi mchana, fimbo ilikuwa imetupwa, na cherehani ya mkono iliyowalisha watoto sita haikuwepo. Yule mama mcheshi alilia kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake. Mkunga aliitwa. Uwanja ulikuwa umefagiwa alfajiri, safi kama anavyotaka. Mbele ya mlango palijaa alama za makatambuga, akaziruka. Nyuma ya nyumba, karibu na ukuta, palikuwa na nyayo za mtu mmoja, miguu mitupu, zilizotoka njiani, zikaja hadi ukutani, zikasimama hapo zimeelekea ukuta, visigino vimezama, maana mtu alikaa hapo muda, kisha zikarudi njiani. Mkunga alichuchumaa. Alikaa amechuchumaa hadi watu wakaanza kunong'ona.

Zilikuwa nyayo za kaka yangu.

Nitasema sasa kaka yangu alikuwa nani, maana watu walisema mengi. Alikuwa mpole kupita kiasi. Alikuwa anafuga ng'ombe wanne tulioachiwa na baba na kuwaita kwa majina. Alikuwa na haya, akizungumza na wageni alijikuna shingo. Hakuiba hata muwa. Mkunga aliyajua hayo yote. Na kama angefuata desturi yake mwenyewe, angekwenda nyumbani kwa mama wa mwenye nyayo, angekaa jikoni, na ukweli ungejitokeza wenyewe huko huko jikoni. Lakini sisi hatukuwa na mama. Kwetu hapakuwa na mtu wa kukaliwa kimya. Nilikuwepo mimi tu, msichana wa miaka kumi na saba mwenye ufagio. Angeweza kuja kwangu. Miaka yote nimemwambia hivyo moyoni mwangu: ungekuja kwangu, Mayo, nami ningetetemeka vilevile, lakini ningemuuliza, na angenieleza.

Badala yake alisimama. Fundi alikuwa pale, mkewe analia, jumbe amekuja na wazee wawili, na neno la macho kuisha halijapoa. Jumbe akauliza, "Leo pia hujui kutaja?" Akataja. Jina la kaka yangu alilitamka mara moja, polepole, na mimi nilikuwa nimesimama kando ya mti wa mnyaa na ndoo kichwani.

Walimleta barazani jioni ile ile, jua likiwa bado lipo. Mkunga aliambiwa aseme alichoona, akasema. Kaka yangu akaulizwa ajibu. Na hapo akafanya jambo lililommaliza. Alimgeuzia mkunga mgongo, akavuta shuka lake likafunika uso, akakaa hivyo. Watu wakapiga kelele: tazameni, aibu imemfunika mwenyewe. Jumbe alipomkaripia alisema maneno machache tu kutoka ndani ya shuka. "Sikuiba. Mngojeni baba mdogo arudi, atasema."

Baba mdogo, aliyesimama mahali pa marehemu baba yetu, alikuwa amekwenda Ivuna kununua chumvi. Hawakumngoja. Wapi wamngoje, na mtaa mzima ulikuwa umengoja miezi kupata mwizi mmoja wa kumshika? Kesho yake alfajiri kaka yangu alipelekwa bomani amefungwa mikono, na kabla ya juma kwisha tulisikia amepewa miezi sita ya kazi ngumu. Cherehani hawakuiona, wala hawakuitafuta tena.

Baba mdogo alirudi na chumvi yake siku ya kumi na mbili. Nilimweleza huku namwekea maji ya kunawa. Hakunawa. Aliniuliza swali moja: siku ya mazishi, mkunga alirudi kwa njia ipi? Nikasema aliondoka mazikoni mapema maana aliitwa kwa mwanamke aliyeshikwa uchungu, basi lazima alipita njia ya nyuma ya kwa fundi, ndiyo ya mkato. Baba mdogo akaweka mikono kichwani.

Siku nne kabla ya mazishi yale, baba mdogo alikuwa amekwenda kwa ndugu wa marehemu mume wa mkunga kupeleka neno. Kaka yangu alimtaka binti wa mkunga. Neno lilikuwa limesemwa kwa wanaume tu. Jembe la kuposea lilikuwa halijapokelewa, na kwetu mama wa msichana haambiwi chochote mpaka jembe lipokelewe, ili mambo yakivunjika asipate fedheha. Lakini kijana mwenye malezi huanza adabu tangu siku ile mshenga anapotoka. Mama mkwe hatazamwi usoni, haongeleshwi, hakutwi njiani. Ukimwona anakuja unaiacha njia, unajificha, unageukia pembeni hadi apite. Siku ile ya mazishi kaka yangu alikuwa anarudi kuwaangalia ng'ombe. Akamwona mkunga anakuja kwa haraka, kichwa chini. Akaingia nyuma ya nyumba ya fundi, akageukia ukuta, akasubiri.

Alijificha kwa kumheshimu, na mkunga akazisoma nyayo za heshima ile akaona wizi. Na barazani kaka yangu asingeweza kumjibu, kwa sababu ile ile.

Baba mdogo alikwenda kusema. Mimi nilimfuata nikasimama mlangoni. Mkunga alisikiliza hadi mwisho, akataka binti yake aitwe, akamuuliza kama analijua neno hilo, binti akainama akaanza kulia. Kisha mkunga akainuka bila kuaga, akaenda njia ya nyuma ya kwa fundi. Palikuwa pamekwishafagiwa mara kumi na zaidi. Alisimama njiani, akatazama ukuta, akatazama tena pale aliposimama. "Zilikuwepo nyayo zangu," alisema. "Hapa hapa. Zote nimezisoma, za kwangu sikuzisoma."

Nilifurahi kumsikia akisema hivyo. Nakiri. Nilitaka aumie.

Alitembea hadi bomani kwa miguu, siku mbili kwenda, akiogopa malori njia nzima. Huko aliwaambia kwamba amekosea. Wakamuuliza kama nyayo hazikuwa za yule kijana. Akasema zilikuwa zake. Wakamuuliza basi amekosea nini. Akaanza kueleza mambo ya mkwe na mama mkwe kwa Kiswahili chake kilichojaa Kinamwanga, na karani akamwambia kwa upole kwamba kesi imekwisha, bibi arudi nyumbani. Alirudi na miguu imepasuka. Mtaani nako hawakumwamini. Wengi walisema anabadilisha maneno kwa sababu amegundua mwizi ni mkwe wake. Jina la kaka yangu likabaki pale alipoliweka.

Kaka yangu alipotoka kifungoni hakuja nyumbani. Utingo mmoja wa lori alituletea habari kwamba amemwona ng'ambo, ameandikishwa mgodini. Ng'ombe wetu walikufa mmoja mmoja. Binti wa mkunga aliolewa Ileje, milimani, na mume mwema, na sina la kumlaumu.

Tangu hapo hakuna aliyemwita mkunga kusoma. Kufuli zikaja madukani, milango ya mbao ikapigwa misumari, watu wakapanda minyaa na miiba kuzunguka nyumba, na wizi ukaongezeka kuliko zamani. Wanawake waliacha kufagia nyuma ya nyumba, kwa kuwa hakuna tena wa kuguna. Nilikuwa mmoja wao. Tulilala tumejifungia, tukiwashuku majirani tuliokula nao, na kila baraza lilitoka na jina la mtu. Ilitosha sasa kumtaja. Walikwishazoea.

Nilipoolewa na kubeba mimba ya kwanza niliapa kwamba mikono yake haitanigusa. Uchungu ulinishika siku mbili. Siku ya pili mchana alikuja bila kuitwa, akaingia kwa mlango wa uani, akanawa, akafanya kazi yake bila kusema neno, na mtoto akatoka mzima. Nilikuwa macho nikamwona. Alimfuta, akachukua kitambaa, na akaifunga miguu ya mtoto kwanza, amegeuza uso pembeni. Hakuitazama. Akanipa mtoto akaondoka. Nililia sana siku ile, na sijui nilikuwa namlilia nani.

Siku za gulio alikuwa akienda kukaa mpakani, karibu na kizuizi, kwenye jiwe, na kikapu cha karanga ambacho hakuhangaika kukiuza. Malori yalisimama hapo, wanaume wa migodini wakashuka. Yeye aliangalia chini. Watu walisema amechanganyikiwa. Hakuchanganyikiwa hata kidogo. Alikuwa anaitafuta miguu ya mtu mmoja. Alikaa hivyo gulio kwa gulio, miaka saba, na nyakati nyingine nilipita mbele yake na mzigo wangu wa ulezi bila kumsalimu.

Kaka yangu alirudi msimu wa kuvuna maharage, akiwa nyuma ya lori, amelala juu ya magunia. Mapafu yalikuwa yamekwisha kwa vumbi la mgodi. Mume wangu na utingo walimshusha, na viatu alikuwa amevivua kwa sababu miguu ilivimba. Nilikuwa najaribu kumwinua kichwa nilipoona watu wote wanatazama upande mwingine. Mkunga alikuwa ameinuka kwenye jiwe lake. Kikongwe yule, aliyeogopa barabara, aliruka mtaro, akaingia kwenye nyasi, akatugeuzia mgongo na kuvuta kitenge kikafunika kichwa na uso. Karanga zilimwagika. Alisimama hivyo mbele ya gulio zima, mama mkwe aliyemwona mkwe wake njiani. Fundi cherehani alikuwepo. Jumbe alikuwepo. Hakuna aliyecheka, na mzee mmoja alivua kofia.

Nilimwinamia kaka yangu nikamwambia, "Umemwona? Umemwona Mayo?" Alikuwa amemwona. Macho yake yalikuwa mazima. Alivuta pumzi mara tatu ndipo akapata sauti.

"Mwambieni asiache njia," alisema. "Mimi sina mkwe."

Aliishi kwangu majuma sita. Hakumtaja tena, na mimi sikumtaja. Kila asubuhi nilikuta nyuma ya nyumba kibakuli cha uji wa ulezi kimefunikwa, maana mama mkwe haingii. Uji nilimpa, sikumwambia umetoka wapi. Alipokufa, mkunga alikuja msibani akakaa upande wa wakwe, peke yake, chini, na wanawake wakamwachia nafasi ile. Kaka yangu alizikwa kama mtu safi. Jumbe mwenyewe alishika koleo. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo miaka yote, na ilipofika sikuona pa kuiweka.

Siku ya tatu baada ya mazishi nilimkuta kisimani. Macho yalikuwa yamefifia kweli sasa, alipapasa kamba kabla ya kuishika. Nilitaka kupita. Akanijua kwa hatua.

"Mwanangu," aliniita. "Siku ile pale mpakani. Nilikuwa nimejifunika, sikusikia. Aliponiona alisema nini?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo tangu nikiwa na ndoo kichwani kando ya mnyaa, nilikuwa nimelinoa, na kaka yangu mwenyewe alikuwa amenipa maneno ya kulisemea. Nilitua ndoo. Nilivitazama vidole vyake vyeupe kwenye kamba.

"Alisema, msalimieni mama mkwe."

Akaniomba nirudie, nikarudia. Akaketi chini kwenye tope la kisima, akalia kwa sauti ile nzito, na akanishukuru, akanishukuru tena. Mimi nikamtekea maji, nikambebea hadi kwake.